Naomba ushauri: pikapu ya kazi mlimani, nichukue 1HZ ya zamani au 1GD ya kisasa?

Mpanda Mlima (mleta uzi)
Habari za muda huu wakuu. Huwa nasoma humu kimya kimya, leo nimekwama. Nataka pikapu ya dizeli ya kazi na zimebaki mbili za kuchagua. Moja ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, silinda sita, cc 4164. Nyingine ni Hilux yenye injini ya 1GD, silinda nne, cc 2755, turbo (ile feni ya kusukumia injini hewa) na komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote). Zote gia za mkono. Kazi ni kupandisha mzigo mlimani, kilomita 9 za vumbi, mara tatu kwa siku. Kila fundi ninayemuuliza ananiambia lake, na usingizi umenipaa wiki nzima. Ipi itanivusha miaka mitano bila kufungua injini? Naomba kuwasilisha.

Mtoto wa Gereji
Mkuu chukua 1HZ ulale. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, hakuna kompyuta ya kukuzimia gari porini. Dizeli inaanza kuwaka kwenye kichemba kidogo ndani ya silinda hedi ndipo moto ushuke kwenye pistoni, kwa hiyo haihitaji presha ya ajabu. Hiyo ya komoni reli inapita baa 2000, na matundu ya nozeli zake unayaona kwa shida. Dizeli chafu inaimaliza. Ila 1HZ ina mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali, usingoje ukatike ndipo ukumbuke.

Kipimo Sahihi
Tusidanganyane kwa mapenzi ya zamani. 1HZ ilitoka bila turbo, torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ni Nm 285. 1GD ya gia za mkono inatoa 420, tena mapema, mizunguko ikiwa bado chini, na cc zake ni pungufu kwa theluthi nzima. Taimingi yake ni ya cheni. Mlima unaopanda na gia ya tatu kwa 1GD, kwa 1HZ utashuka mpaka ya pili na mguu umegota sakafuni. Kuhusu dizeli chafu, badilisha filta kwa wakati na umwage maji ya kwenye filta. Basi.

Mama Usukani
Mwanangu, hilo la kumwaga maji ya filta lishike. Yangu iliwasha taa ya filta asubuhi, nikasema nitafika kwanza. Mchana ikaanza kugonga kama mtu anapiga sufuria kwa kijiko. Fundi alipofungua filta akamimina kwenye chupa ya plastiki: chini maji, juu dizeli, mstari katikati umenyooka kabisa. Injekta nne zote zikaenda. Nilikaa miezi miwili natembea kwa miguu. Sijui kama nimekujibu swali lako, lakini ile chupa naiona mpaka leo.

Bibie wa Fuso
Kaka, wenzangu wanashindanisha injini na wewe hujasema unabeba nini. "Mzigo" si jibu. Mzigo gani, kilo ngapi?

Mpanda Mlima
Ni maji tu dada. Si mzigo wa kutisha. Turudi kwenye injini, 1HZ kwa wastani inakunywaje mafuta?

Bibie wa Fuso
Lita ngapi za maji?

Kijana wa Jana
Mimi nipo hapa nasubiri lita.

Mpanda Mlima
Tangi la lita 2000. Lakini si kila siku litajaa.

Bibie wa Fuso
Hapo ndipo penyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 2000 ni tani mbili, bado tangi lenyewe, pampu ya kusukumia, fremu, wewe na utingo wako. Hizo pikapu zote mbili zimetengenezwa kwa mzigo wa tani moja hivi. Injini inasukuma tu kaka. Wanaobeba ni ekseli, springi, chasisi na tairi, na anayesimamisha ni breki. Hata nikikupa injini ya meli, ekseli ni ile ile.

Na usijipe moyo na tangi lisilojaa. Nusu tangi bila kuta za ndani ndiyo mbaya zaidi. Ukikata kona maji yote yanahamia upande mmoja, gari linataka kulala. Ukifunga breki yanakuja mbele na kukusukuma.

Mpanda Mlima
Nakuelewa dada, lakini nimeona watu wanabeba zaidi ya hapo na hawajafa. Nyuma nitaongeza majani mawili ya springi kila upande. Tairi nitaweka za lori.

Dereva Mstaafu
Ukiongeza springi umezuia gari lisikae chini, breki hukuongeza. Nimeendesha miaka 26. Kupanda hakujawahi kunitisha, kinachotisha ni kushuka. Kuna siku nilishuka na mzigo uliozidi, pedali ikaanza kulainika chini ya mguu, kila nikikanyaga inakwenda ndani zaidi, na harufu ya breki imejaa kebini. Nilijisugua kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto mpaka gari likasimama. Mlango haukufunguka tena. Lori za kazi nyingi zina kilango kwenye egzosi kinachobana moshi ili injini yenyewe ishike gari. Pikapu hizo huzikuti nacho.

Bibie wa Fuso
Shikamoo mzee. Umesema kweli tupu. Mfano mzuri ni 4JJ1 ya Isuzu, cc 2999. Imefungwa kwenye pikapu ya D-Max na imefungwa kwenye lori ndogo za N. Ni injini ya ukoo mmoja, ila kwenye pikapu nguvu ya juu inapatikana karibu na mizunguko 3600, kwenye lori imeshushwa mpaka karibu na 2800, na gia zake fupi, rejeta kubwa, ekseli nene, tairi za nyuma nne. Ndiyo maana lori inavuta mchana kutwa bila kuchemsha. Kaka, tafuta lori ndogo.

Mpanda Mlima
Lori siwezi wakuu. Acha niseme ukweli: Jumamosi nilitoa malipo ya awali ya hiyo 1HZ. Na si ya kubahatisha, ina turbo yake ya kiwandani, muuzaji aliniwashia nikaisikia inapiga filimbi.

Mtu wa Dua
Ndugu, unaomba ushauri baada ya kulipa? Tamaa ya safari tatu kwa siku itakupeleka pabaya. Riziki haikimbizwi.

Kipimo Sahihi
Sasa nimeamka. Wakuu, hii ni chai. 1HZ yenye turbo ya kiwandani haikuwahi kutengenezwa. Yenye turbo ni 1HD, cc zile zile 4164 lakini dizeli inaingia moja kwa moja juu ya pistoni. Mtu kakaa na gari, kalilipia, halafu hajui hilo? Anatuchezesha apate wachangiaji.

Kijana wa Jana
Sukari kidogo kwenye yangu.

Mpanda Mlima
Naapa sijatunga. Nyinyi mnacheka, mimi hela ya mama yangu iko humo ndani. Nilichoambiwa ndicho nilichoandika.

Mtoto wa Gereji
Wakuu tumpe nafasi, inawezekana anayenywesha chai ni muuzaji. Dogo, nenda kesho mchana, usiende usiku. Soma herufi zilizogongwa kwenye bloku. Fuata bomba linalopeleka oili kwenye turbo uone ni la kiwanda au la kuchomelea. Injini ikiwa inawaka, fungua kifuniko cha oili ukilaze kichwa chini juu ya tundu lake. Kikirukaruka na moshi ukatoka kama birika, ringi zimechoka. 1HZ ina mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1. Ukiipachikia turbo na kuifungulia dizeli, joto linapasua vichemba na silinda hedi.

Na soma kibati cha uzito. Kwenye uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu.

Mpanda Mlima
Nimerudi. Bloku imegongwa 1HZ. Bomba la oili limechomelewa mahali pawili, weldi yenyewe ina mapovu, na chini yake oili imegandamana na vumbi unene wa kidole. Kifuniko hakikukaa hata sekunde tatu, kimeangukia kwenye feni. Kwenye kibati, nikitoa uzito wa gari, inabaki kama tani moja tu. Nimemwambia muuzaji nataka hela, amesema tuongee keshokutwa.

Kipimo Sahihi
Nakuomba radhi kwa lile neno. Nenda na shahidi, na picha za hizo weldi uwe nazo.

Mpanda Mlima
Nimekusamehe mkuu. Dada Bibie, nikipata lori ndogo, lile tangi niliwekee kuta ngapi ndani?

Bibie wa Fuso
Kabla ya kuta, nitumie kilichoandikwa kwenye kibati chake.