Taa ya presha ya oili kwenye Hilux: oili nzito, pampu mpya, au injini nyingine?

Mvuvi wa Shimoni
Salaam aleikum wandugu. Nina Hilux ya 2009, dizeli, injini ya 2KD, nabebea samaki kutoka Shimoni hadi soko la Kongowea. Wiki mbili sasa taa nyekundu ya oili yaninyima usingizi. Asubuhi injini ikiwa baridi taa inachelewa kuzima, kisha inatulia. Nikifika foleni ya feri pale Likoni, injini imeshika moto na sikanyagi mafuta, taa inaanza kupepesa. Oili kwenye kijiti iko sawa. Nimeuliza mafundi watatu: mmoja asema nitie oili nzito, 20W-50, wa pili asema pampu imekufa, wa tatu asema injini imechoka, nitafute iliyotumika kutoka Japani. Pesa niliyonayo yatosha jambo moja tu. Nianze na lipi?

Nahodha wa Bamburi
Yangu ni Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, ilianza vivyo hivyo. Nikatia 20W-50, taa ikazima, na huu mwaka wa tatu nabeba mchanga. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote tatu. Anzia hapo.

Fundi wa Changamwe
Mzee Nahodha, nakuheshimu, lakini 3L na 2KD si injini moja. 3L haina tabo (turbo), na imechakaa pole pole. Oili nzito imejaza nafasi iliyoachwa na beringi. Kwa 2KD shida mara nyingi iko kwenye chujio la ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini; ndilo pampu inalovutia oili. Chujio likiziba nusu, oili nzito inapita kwa taabu zaidi, hasa alfajiri. Utazima taa huku unaiua injini.

Ndugu Mvuvi, usinunue chochote kabla hujapima. Taa haikwambii presha ni ngapi. Taa huwashwa na swichi ya presha, na nyingi huiwasha presha ikishuka chini ya psi (kipimo cha presha) 4 hadi 7 hivi, kwa hivyo inaweza kuwa shida kubwa au swichi mbovu tu. Hapa Pwani nimeona plagi za swichi zilizoliwa na chumvi hadi waya unakatika mkononi, na wewe wabeba samaki.

Mwambie fundi afungue swichi, afunge geji ya mkono mahali pake. Injini ipate moto sawasawa. Soma bila kukanyaga mafuta, kisha ipandishe hadi mizunguko 3,000 kwa dakika na uishike hapo kama nusu dakika. Kwa injini za zamani za 2L na 3L, Toyota wanataka angalau psi 4.3 bila kukanyaga na psi 36 hadi 85 kwa 3,000. Mafundi wengi kwa dizeli hutumia hesabu ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000.

Geji ikionyesha presha nzuri, badilisha swichi na plagi, umemaliza. Presha ikiwa chini bila kukanyaga lakini inapanda vizuri na kubaki juu, shuku beringi za krenki au oili iliyokuwa nyepesi. Ikipanda kisha ikaanza kuporomoka ukiwa umeishikilia, chujio limeziba na pampu inanyimwa oili. Pampu yenyewe naiweka mwisho: kuifikia ni kufungua mbele yote ya injini, na ni nadra kuikuta imekufa peke yake.

Jambo jingine: kijiti kikionyesha oili inaongezeka, inuse. Ikinuka dizeli, dizeli inavuja ndani na imeifanya oili maji maji.

Binti Makupa
Kaka, hilo la injini iliyotumika liache kwanza. Nilifanya hivyo kwa pikapu yangu ya mizigo, nikanunua injini nisiyojua ilivyotunzwa, na baada ya miezi mitano taa ile ile ikarudi. Tulipofungua sampu chujio lilikuwa limejaa masizi. Nililipa injini nzima kwa shida ambayo huenda ya kwanza pia ilikuwa nayo, hatukuwahi kuifungua. Bado inaniuma.

Na filta ya oili ya zamani, ile ya nje inayobadilishwa na oili, usiitupe. Ikateni, mtandaze karatasi yake juani. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba ni beringi, na sumaku haitavivuta, kwa hivyo msiitegemee sumaku.

Mvuvi wa Shimoni
Tumepima leo. Ikiwa moto bila kukanyaga, psi 6. Kwa 3,000 ilipanda hadi 34, kisha ikashuka pole pole mpaka 20 nikiwa bado nimekanyaga. Filta haina shaba, ina uchafu mweusi kama makaa yaliyosagwa. Oili hainuki dizeli.

Fundi wa Changamwe
Fungua sampu. Lakini sikiliza hapa, maana wengi husafisha chujio na kurudi baada ya miezi. Masizi hayo yanatoka juu. Kwenye 2KD sindano za dizeli zimekaa ndani ya kifuniko cha valvu, na kila moja ina washa ya shaba, yaani pete nyembamba ya kuziba, chini yake. Washa ikichoka, moshi wa mwako unapenya, unaingia kwenye oili, unageuka lami, na lami inashuka hadi kwenye chujio. Toa sindano zote nne, safisha mahali zinapokaa, weka washa mpya. Zile za zamani zisirudishwe hata zikionekana nzima.

Ukifunga sampu, silikoni ya kuzibia iwe mstari mwembamba. Inayozidi hujikunja ndani, inakatika, inaishia kwenye chujio hilo hilo.

Nahodha wa Bamburi
Hili la washa sikulijua. Nashukuru, fundi.

Mvuvi wa Shimoni
Chujio lilikuwa limeziba zaidi ya nusu, na washa mbili zilikuwa nyeusi tititi. Tumeweka 15W-40 na filta mpya. Sasa psi 17 ikiwa moto bila kukanyaga, na 50 kwa 3,000, haiporomoki. Jana nilikaa foleni ya feri karibu saa nzima na barafu ikiyeyuka nyuma, taa haikuwaka. Ila oili imeshakuwa nyeusi tena kwa siku tatu. Niogope?

Fundi wa Changamwe
Usiogope, ni uchafu wa zamani unaoshwa. Imwage ikifika kilomita 1,000, ubadilishe na filta, kisha pima tena kwa geji.