Modeli ya tetemeko la ardhi kwa uvamizi wa ng'ombe Karamoja, inakubalika kweli?

Hesabu_Mbale

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Niko mwaka wa pili wa masters ya hisabati na nimekwama, naomba msinicheke. Mada yangu ni uvamizi wa mifugo Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, yaani watu kuvamia wenzao na kuwachukulia ng'ombe, nataka kujua kama uvamizi mmoja unazaa mwingine. Supavaiza wangu ni mtu wa fizikia, akanipa modeli ya Hawkes, ile ya watu wa matetemeko, yaani linapiga kubwa halafu yanafuata madogo madogo, mengi siku ya kwanza kisha yanapungua pole pole. Nimekusanya habari za magazeti na redio za miaka kadhaa, nikapanga tarehe, wilaya, idadi ya ng'ombe, nikaipa kompyuta na ikanitolea namba moja tamu sana, 0.6. Maana yake kila uvamizi unazaa kwa wastani 0.6 ya mwingine. Siku hiyo nilijinunulia rolex mbili, zile chapati za mayai, na soda.

Sasa juzi nimewasilisha mbele ya paneli, mama mmoja wa sosholojia akauliza swali moja tu: "Mwanangu, mstari mmoja kwenye jedwali lako ni uvamizi, au ni habari ya uvamizi?" Nikabaki nimekodoa macho. Halafu nimetoka nje, kwenye korido bwana mmoja akajitambulisha ni wa mambo ya usalama, akasema kazi nzuri kijana, nimtumie faili lote pamoja na zile GPS za makraal (mazizi ya ng'ombe) nilizochukua mwenyewe nilipoenda Moroto na Kotido. Akanipa kadi.

Kwa hiyo nauliza yote kwa pamoja, hii modeli ya mawe inakubalika kwa watu? na hilo faili nitoe au nikae nalo?

Fizikia_Gulu

Ndugu, kwanza hongera, wengi hata namba hawafikii. Kutoa modeli kwenye mawe ukaipeleka kwa watu sio dhambi. Omori wa Japani aliona tangu 1894 kwamba mitetemo inayofuata tetemeko inapungua kwa mpangilio, Hawkes akaandika hesabu yake 1971, na 2011 Mohler na wenzake wakaitumia kwa wizi wa nyumba Los Angeles, ikafanya kazi vizuri. Kwa nini ilifanya kazi? kwa sababu mwizi akishaijua nyumba anarudi hapo hapo au kwa jirani, tena haraka.

Sasa wewe niambie, ng'ombe zikichukuliwa kraal ya huku, kisasi kinapiga huku? Kinapiga kule walikotoka waliochukua! Tetemeko halisafiri kwenda kumtafuta aliyelianzisha. Inabidi uwe na pande mbili zinazochokozana, sio ramani moja inayochemka. Halafu muda. Nabashiri umetumia ule mkunjo wa grafu unaoanza juu na kushuka tangu saa ya kwanza, kwa sababu ndio unaokuja na programu. Lakini kisasi kinangoja, watu wanapeleleza, wanatafuta risasi, wazee wanakubali au wanakataa, ng'ombe zenyewe zinaweza kurudishwa na jeshi njiani na mambo yakaishia hapo. Mkunjo wako unatakiwa upande kwanza ndipo ushuke.

Na hiyo 0.6 usiitangaze bado. Ukiiacha hivyo hesabu inasema uvamizi mmoja na wajukuu wake wote ni 1/(1−0.6), yaani 2.5, mtu ataichukua aseme "zuia mmoja umezuia mmoja na nusu mwingine" na itakuwa kwenye slaidi ya waziri kabla hujavaa joho. Umeweka msimu ndani ya modeli? Maana matukio yanaweza kurundikana bila moja kuzaa jingine. Kaa pale Wandegeya, Kampala, siku ya mvua uhesabu miavuli, utakuta mwavuli unazaa mwavuli, tena 0.9 na zaidi.

Huyo mama wa sosholojia kakuuliza swali la Richardson bila kumtaja. Lewis Fry Richardson, Mwingereza, mtu wa hali ya hewa, vita vya kwanza vya dunia alikuwa anahudumu na magari ya wagonjwa Ufaransa, 1922 akatoa kitabu cha kutabiri hali ya hewa kwa hesabu, na humo humo kaweka jaribio lake mwenyewe la masaa sita ambalo presha ilitoka inabadilika milibari 145, kitu cha kuchekesha, hakifichi. Baadae akaanza kuhesabu vita. Akataka kujua kama nchi zenye mpaka mrefu pamoja zinapigana zaidi, akafungua vitabu akakuta mpaka wa Hispania na Ureno, upande mmoja wanasema kilomita 987, wa pili wanasema 1,214. Mpaka ule ule! Kila mmoja kapima kwa rula yake, na ukipima kwa rula fupi unapata urefu zaidi. Wewe rula yako ni gazeti.

Kuhusu faili sikushauri, ila huyo huyo Richardson 1920 ofisi yake ya hali ya hewa ilipowekwa chini ya wizara ya jeshi la anga aliacha kazi. Hakuwa tajiri.

NyaboWaMoroto

Mdogo wangu Hesabu, mimi nimekaa huku kwa risachi ya ng'ombe miaka mingi kuliko nilivyopanga, ngoja nikupe ya vumbi.

Fungua jedwali lako sasa hivi, hesabu matukio kwa siku za wiki. Nadhani utakuta Jumatatu zimejaa. Wavamizi hawana Jumatatu, ni mwandishi ndio ana Jumatatu, ya wikendi yote anaituma siku hiyo. Modeli yako ya siku na masaa inakula tarehe za kutuma habari badala ya tarehe za tukio, sasa hapo unapima mitetemo ya chumba cha habari.

Halafu idadi. Kuna mzee mmoja walimchukulia, nilifika asubuhi yake, nikauliza zilikuwa ngapi. Hakunipa namba. Akaanza kuzitaja kwa rangi na pembe, huyu mwekundu mwenye doa shingoni, huyu pembe imepinda chini, huyu wa mahari ya binti yangu, kijana wake pembeni anakunja vidole na kila akifika kumi anaweka kijiwe. Tukafika thelathini na saba. Kesho yake redio ikasema hamsini. Hakuna aliyedanganya, mtu wa kwanza alisema "kama arobaini hivi", wa pili kaongeza walizosahau, wa tatu kaona hamsini inasikika vizuri. Angalia namba zako kama hazijajaa 50, 100, 200.

Na ile iliyotokea karibu na barabara inaandikwa, ile ya ndani kabisa ambako mtandao haushiki haiandikwi. Mbuzi watatu hawaandikwi popote, na mara nyingi ugomvi umeanza na hao mbuzi watatu. Kwa hiyo unaona mtoto wa tetemeko bila mama yake na modeli inasema "hili limejitokea lenyewe".

Msimu nao usiuweke kwa akili ya Kampala ya kusema ukame unaleta vita basi. Marsabit kule Kenya watafiti waliangalia rekodi wakachapisha 2009, wakakuta miaka ya mvua ndio ina uvamizi zaidi. Ukiwa huku huoni ajabu, majani yako juu mtu anajificha, maji yapo njiani, ng'ombe ana nguvu za kutembea usiku kucha. Ng'ombe aliyekonda utamkimbiza umfikishe wapi? Sisemi huku ni sawa na Marsabit, nasema acha data ikwambie.

Sasa faili. Wewe unadhani ni swali la roho yako, sio. Ni swali la karatasi. Ulipoenda UNCST, baraza la taifa la sayansi, kuchukua kibali na kwa kamati ya maadili, uliandika data itatumika kwa nini na nani ataiona? Na wale wazee uliwaambia nini? Kama uliwaambia ni ya shule basi ni ya shule, na sheria ya kulinda data ya 2019 ipo, sio pambo. Mwaka 1965 jeshi la Marekani lilikuwa na mradi mkubwa unaitwa Camelot, linawalipa wanasayansi ya jamii watengeneze modeli ya kujua nchi gani itaasi, ikajulikana huko Chile, makelele, wakaufuta Julai mwaka huo huo. Waliobaki wanaumia ni watafiti wengine ambao hata hawakuhusika, kila mwenye daftari akaonekana jasusi. Huku nami natembea na daftari.

AfandeMstaafu

Kijana Hesabu. Mimi nilikuwa huko wakati wa kukusanya bunduki 2006 na baadae kidogo. Nasoma naona mnatuogopa kama chui.

Kitu cha kwanza, ofisi ya serikali ikitaka kitu inaandika barua kwa chuo, ina muhuri, ina rejea. Mtu wa kadi kwenye korido hujui ametumwa au amejituma. Mwambie alete barua, basi. Usigombane naye.

Pili, hizo GPS zako za kraal ni bure. Kraal inahama. Na sisi kraal tulikuwa nazo mlangoni, ng'ombe za raia zinalala kando ya kambi tunazilinda, tulikuwa tunajua hadi zipi zinaharisha. Askari hakosi ramani ya kraal, anakosa masaa. Wakichukua saa nane usiku habari inafika asubuhi, unafuata nyayo, jua linapanda, wao wako mbele masaa sita, na mvua ikipiga katikati nyayo zimekwisha unarudi na njaa yako. Ukiniambia modeli inajua wiki ya hatari na upande wa hatari, sio kraal, wiki tu, hapo ningeweka watu kwenye maji mapema na pengine mtu asife. Kwa hiyo usifikiri kukaa na kila kitu kabatini ndio usafi.

Tatu hii ni ya mama wa paneli. Tuliwahi kuweka detachi mpya, kambi ndogo ya askari, sehemu iliyokuwa kimya. Mwezi uliofuata ripoti zikapanda. Mkubwa akasema mnaona, kumechafuka, ongeza watu. Tukaongeza, ripoti zikapanda tena. Hakukuchafuka. Kulikuwa na mtu mwenye redio na kalamu.

Fizikia_Gulu

Afande heshima yako. Hiyo ya tatu kuna watu waliiandikia makala nzima 2016, walichukua data ya dawa za kulevya ya polisi wa Oakland wakaitia kwenye programu ya aina ile ile ya kutabiri uhalifu, ikawa inawarudisha mitaa ile ile waliyozoea kwenda ingawa makadirio ya watumiaji yalikuwa yametawanyika mji mzima. Los Angeles yenyewe polisi waliacha kuitumia programu yao 2020. Hesabu haikuwa na kosa, ilikuwa inawasomea daftari lao wenyewe.

Hesabu_Mbale

Banange. Nimerudi, sikulala.

Jumatatu kweli zimejaa, nimeona aibu. Na kwenye ng'ombe 50 na 100 ziko kila mahali, 37 haipo hata moja. Nimerudia na msimu ndani, pande mbili, na tarehe za tukio pale nilipozipata (sehemu kubwa sikupata, nimeziacha kama wiki), mkunjo unaopanda kwanza. Ile 0.6 imeporomoka, haifiki hata nusu yake, na wigo wa makosa ni mpana unaweza kupitisha trela. Supavaiza kanuna ila kasema andika hivyo hivyo.

Afande nimefuata ushauri. Yule bwana kapiga tena, nikamwambia alete barua kwa chuo, akasema "sawa nitakutafuta", toka hapo kimya. Wazo la kutoa wiki na upande bila kraal nimelipenda, nitalipeleka kwa kamati niwaulize kwanza. Kibali cha UNCST ninacho na wazee wote walisaini au kuweka dole gumba, kwa hiyo kwa upande wa karatasi niko sawa.

NyaboWaMoroto

Vizuri. Hiyo fomu waliyoweka dole gumba ilikuwa kwa lugha gani?

Hesabu_Mbale

Kiingereza, nyabo. Lakini nilikuwa naisoma kwa sauti mstari kwa mstari na mkalimani anawaambia kwa Kikaramojong.

NyaboWaMoroto

Mkalimani ulimpata wapi?

Hesabu_Mbale

Kambini kwa jeshi. Kijana wa LDU, wale askari wasaidizi wa jeshi, alikuwa na zamu ya mchana.