Tupeane uzoefu: Matairi ya pikipiki za spoti, umevisha lipi na limekufaaje?

Mleta mada, Dar es Salaam
Wakuu, heshima kwenu. Ninaendesha Honda CBR600RR. Saizi zake ni zilezile za pikipiki nyingi za spoti za cc 600: mbele 120/70 ZR17, nyuma 180/55 ZR17. La nyuma limeisha katikati, limekuwa bapa, huku kashata (meno ya mpira yanayoshika barabara) za pembeni zikiwa karibu mpya. Kwenye kona pikipiki inagoma kulala, halafu inalala ghafla kuliko ulivyotaka. Barabara zetu ndizo zinazofanya hivyo: Dar hadi Chalinze, Chalinze hadi Morogoro, unanyoosha tu. Kona za maana mpaka ufike mlima Kitonga kule Iringa.

Kwa hiyo safari hii sichukui tena matairi ya mbio. Navisha ya safari yenye mpira wa aina mbili, mgumu katikati na laini pembeni, kama Michelin Road 5 au Pirelli Angel GT II. Kijiweni wananiambia hayo ni ya wazee na yanaharibu sura ya pikipiki. Mimi naamini tairi huchaguliwa kwa barabara unayopita, na sioni cha kunibadilisha mawazo. Ila nataka kusikia kwa waliokwisha kuyatumia, hasa kwenye mvua.

Mchangiaji, Nairobi
Niko na Yamaha R6. Wikendi napanda Limuru, nateremka Mai Mahiu, naenda Naivasha. Niliinunua ikiwa na Pirelli Diablo Supercorsa. Mchana, lami ikiwa imepata moto, sijawahi kukalia tairi linaloshika namna ile, hilo nalisema wazi. Shida ni asubuhi. Limuru kuna ukungu, barabara imelowa, na tairi la aina ile bila joto halishiki. Tena mifereji yake ni michache, maji hayana pa kutokea. Siku moja natoka kwenye mzunguko, nimeongeza mafuta kidogo tu, nyuma ikachomoka. Nilibahatika ikarudi yenyewe.

Sasa nina Road 5 mbele na nyuma. Kwa mwendo wa barabarani sijaona nilichopoteza kwenye kona, na kwenye mvua sasa napumua. Hao wa kijiweni waulize mara ya mwisho walipita Mai Mahiu saa kumi na mbili asubuhi lini.

Mchangiaji, Arusha
Mkuu, kabla hujatoa hela angalia umri wa tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Saizi zetu hizi hazitoki haraka dukani, zinakaa. Niliwahi kuletewa tairi "jipya", vinywele vya kiwandani bado vipo, kashata zote zipo, kumbe lina miaka minane na ubavuni lina nyufa nyembamba ukilikunja. Mpira ukishakauka hivyo, kashata hazikusaidii kitu. Nikaliacha hapohapo kaunta.

Na matairi ya mtumba kwa pikipiki ya kasi hizi, tafadhali, msithubutu. Hujui lilizibwa pancha wapi.

Mchangiaji, Muscat
Assalaam alaykum. Huku kwetu tatizo ni joto. Wenzangu wengi hupima upepo wakishafika kituo cha mafuta, wanakuta geji imepanda, wanautoa. Kesho asubuhi tairi liko chini na pikipiki nzito kwenye kona, halafu wanalaumu tairi. Upepo unapimwa tairi likiwa baridi, kabla hujatoka nyumbani. CBR yako kitabu kinasema psi 36 mbele na psi 42 nyuma. Usimsikilize anayekwambia upunguze ili lishike zaidi. Hayo ni ya uwanja wa mbio, na kwenye barabara refu ya moto unalipika tairi kutoka ndani.

Mchangiaji, Mwanza
Kuna watakaokushawishi uweke tairi la upana wa milimita 190 nyuma ili lionekane nene. Rimu yako ya inchi 5.5 imepangiwa 180. Ukivisha 190 linabanwa, umbo la duara linabadilika, na pikipiki inakuwa nzito kugeuka. Nilimwendeshea rafiki yangu moja ya hivyo nikamrudishia mapema.

Mchangiaji, Nairobi
Kwa wenye ndogo kama Ninja 300: msichanganye tairi lenye R kwenye saizi yake (yaani radial, nyuzi zake za ndani zimepita moja kwa moja upande hadi upande) na lisilo nayo (nyuzi zake zimekatana kimshazari). Mbele na nyuma viwe jamii moja.

Mleta mada
Nashukuruni sana wakuu. Ndugu wa Arusha, hilo la tarehe nitamwambia muuzaji anipigie picha ubavu kabla hajalituma. Nitachukua yote mawili kwa pamoja, maana la mbele nalo limeanza kuchakaa upande mmoja. Likishavishwa nitakwenda taratibu kilomita mia za mwanzo bila kulaza sana, tairi jipya huwa linateleza hadi uso wake ukwanguke.

Bado jambo moja. Mafundi wengi hapa mjini mashine zao za kubalansi ni za rimu za gari, na sitaki rimu yangu ichubuliwe kwa vyuma vya kung'olea. Anayemjua fundi Dar mwenye vifaa vya pikipiki, aandike eneo tu, nitafika.