Nimeacha nyama, mume wangu hawezi kula bila nyama: tupikeje katika jiko moja?

Mama wa Wawili, Morogoro

Habari za jioni, ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa. Naomba ushauri wa watu ambao wameliishi jambo hili, kwa kuwa ushauri wa "mwache akale kwa mama ntilie" nimeshaupata wa kutosha na haunisaidii.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na Mchaga, na tunaishi hapa Morogoro na watoto wetu wawili, mkubwa ana miaka 9 na mdogo ana miaka 4. Mwaka jana nilifunga Kwaresima kwa kuacha nyama, kuku na samaki siku zote 40. Nia ilikuwa ibada tu, lakini kabla wiki ya tatu haijaisha kiungulia kilichokuwa kikiniamsha usiku kilikuwa kimeniacha. Siku ya Pasaka mume wangu alinunua mguu wa mbuzi, nikaupika kama nilivyozoea, tukaketi mezani, nami nikashindwa kumeza hata kipande kimoja. Tangu siku hiyo sijaonja nyama wala samaki, ingawa maziwa, mtindi na mayai naendelea kuvitumia.

Mume wangu hakunikataza, na hilo namshukuru. Lakini kwake yeye ugali na maharage ni chakula cha kushikilia tumbo wakati chakula chenyewe kinaandaliwa. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipika mbaazi za nazi, kisamvu na choroko kwa siku nne au tano za wiki, nikidhani atazoea, mpaka jioni moja aliposema kwa sauti ya chini kwamba siku hizi anajihisi mgeni nyumbani kwake. Sikuwa nimemsikia akisema neno la namna hiyo katika miaka kumi ya ndoa yetu, na limenikaa moyoni.

Nikijaribu kupika sufuria mbili, natoka kazini saa kumi na mbili jioni na mkaa haunitoshi. Nikipika mchuzi mmoja wa nyama, naambiwa nichote mchuzi na vipande niviache, kana kwamba mchuzi haukutoka kwenye hivyo vipande. Dada anayetusaidia kazi ananipakulia kuku kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu kwake kuku si nyama. Sasa mtoto wetu mdogo ameanza kusukuma nyama pembeni ya sahani kwa kuniiga, na baba yake anaogopa kwamba atadhoofika. Isitoshe, Desemba tunakwenda Kibosho kwa wakwe zangu, ambako mbuzi atachinjwa na kila mtu atapewa kipande chake kulingana na nafasi yake katika ukoo. Nitakikataaje mbele ya mama mkwe?

Mzee wa Suji

Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mpare na Msabato. Kwetu milimani kanisa limekuwapo tangu wamisionari wa Kijerumani walipofungua kituo cha Giti mwaka 1903, na ingawa kanisa linashauri tu kuacha nyama, halilazimishi, marehemu baba yangu aliuchukua ushauri huo kwa uzito na sisi watoto tukakulia kwenye nyumba isiyopika nyama. Kisha nikaoa binti wa Kisukuma kutoka Shinyanga, aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Tuko pamoja mwaka wa 31 sasa, yeye anakula nyama na mimi sili.

Kosa nililolifanya mwanzoni ndilo ninaloliona kwako. Niliifanya sufuria ya familia iwe yangu, kisha nikasubiri mwenzangu azoee. Kilichotusaidia ni kuigeuza hesabu ya jiko. Chakula cha wote kisiwe na nyama, lakini kiwe kizito na chenye ladha hata mla nyama akione ni chakula, kisha nyama iwe nyongeza inayokaa kwenye bakuli lake pembeni. Makande yetu ya Kipare yanafaa sana kwa hili, na ninyi mnaweza kupika kiburu, ndizi na maharage, ambacho mumeo amekila tangu utotoni bila kukiita chakula cha wagonjwa. Anza na vyakula vya kwao ambavyo havikuwahi kuwa na nyama, kwa sababu hapo hutakuwa unamnyima kitu.

Kuhusu muda, mke wangu huchemsha kilo mbili za nyama Jumapili kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, akaigawa kwenye vyombo vidogo na kuigandisha. Siku za kazi anatoa chombo kimoja, anaikaanga na kitunguu na nyanya, na katika dakika kumi bakuli lake liko tayari wakati maharage ya wote yanapashwa. Nyama ina mwiko wake na kikaango chake, na mafuta yaliyokaangia nyama hayarudi kwenye mboga. Hilo tulikubaliana mapema, nami namheshimu sana kwa kulishika miaka yote hii bila kukumbushwa.

Kwa huyo dada wa kazi, usimwambie kwamba wewe ni mla mboga, maana kwa Kiswahili chetu cha nyumbani hata nyama ni mboga, na akiuliza "leo mboga gani?" jibu laweza kuwa ng'ombe. Mwambie kwamba huli chochote kilichokuwa na damu, wala mchuzi wake. Mama yangu aliwaambia wageni hivyo na hakuna aliyemwelewa vibaya.

Afisa Lishe, Dodoma

Mama, nimefanya kazi ya lishe wilayani kwa miaka mingi, na ninaanza na mtoto kwa sababu wasiwasi wa baba yake una msingi, ingawa nyama siyo dawa pekee.

Mtoto wa miaka 4 ana tumbo dogo. Ukimjaza ugali na mchicha atashiba kabla hajapata nguvu anayoihitaji, kwa hiyo chakula chake lazima kiwe na mafuta na protini katika ujazo mdogo: karanga zilizosagwa ndani ya mboga, parachichi, yai, kikombe cha maziwa au mtindi, na maharage yaliyopondwa. Apewe milo mitatu na vitafunwa viwili katikati. Ukifanya hivyo, akila nyama ya baba yake siku anayoitaka na akaiacha siku nyingine, hakuna hasara. Naomba tu msimgeuze awe ushahidi wa mmoja wenu, yaani asisifiwe kwa kuila wala kwa kuiacha. Na kama mnampa uji wa lishe wenye soya, hakikisha soya ilichemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa. Nimeona unga mwingi uliosagwa na soya mbichi, na soya mbichi humzuia mtoto kuitumia protini ile ile tunayomtafutia.

Kwako wewe, jambo la kwanza ni madini ya chuma. Chuma cha maharage na mboga za majani mwili haukichukui kwa urahisi kama cha nyama, na mwanamke anayepata hedhi hupoteza chuma kila mwezi. Kamulia ndimu kwenye mchicha baada ya kuuepua, au kula chungwa au embe pamoja na chakula, kwa kuwa vitamini C hukifungua chuma hicho. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, na hapa wengi tunajiharibia kwa kunywa chai ya rangi juu ya maharage, hivyo isubiri saa moja baada ya kula. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji, au kuotesha choroko siku mbili kabla ya kupika, pia husaidia.

La pili ni vitamini B12, ambayo mimea haitupi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Glasi moja ya maziwa hutoa takriban nusu ya hiyo na yai moja kama mikrogramu 0.5, kwa hiyo kwa ulaji wako unaweza kuipata, ila iwe kila siku. Ukija kuacha na maziwa na mayai, utahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Ini huhifadhi akiba ya miaka, ndiyo maana upungufu huchelewa kujionyesha, na ukionekana huja na uchovu, ulimi unaouma na ganzi ya miguu na mikono. Pima wingi wa damu sasa hivi ili uwe na namba ya kulinganisha baadaye, na ukipata ujauzito mweleze mhudumu wa kliniki siku ya kwanza kwamba huli nyama wala samaki.

Baba Neema, Moshi

Shemeji, mimi ni mla nyama na mke wangu aliacha miaka sita iliyopita, hivyo naandika kutoka upande wa mumeo.

Nilichokikosa nyumbani si nyama, kwa sababu nyama naweza kuipata mahali popote, hata supu ya asubuhi. Nilikosa ile hali ya mke wangu kunipikia kwa furaha. Alikuwa akiikata nyama huku amegeuza uso, anaifunika haraka, anaosha mikono mara tatu, na mimi nikala nikihisi kwamba nimefanya kosa. Sidhani kama alijua kwamba naona. Baada ya muda tulikubaliana kwamba nyama naipika mwenyewe. Nilijifunza nikiwa na miaka 40, na sasa Jumamosi mchana najichomea mbavu uani, watoto wananizunguka, naye anakaa nasi na mahindi yake ya kuchoma. Ile saa ya Jumamosi ni ya thamani kwangu kuliko nyama yote niliyopikiwa kwa uso uliogeuzwa. Muulize mumeo kama angependa kushika jiko siku moja au mbili. Huenda anakungoja umruhusu, maana jiko ni lako na hakuna aliyewahi kumwonyesha mwiko ulipo.

Kuhusu Kibosho, kipande unachopewa kinasema kwamba umehesabiwa, na ukikikataa mkononi mwa mama unakuwa umekataa kuhesabiwa. Kipokee kwa mikono miwili na umshukuru. Mke wangu hufanya hivyo, kisha humpa mtoto au hukifunga na kukirudisha nyumbani, na hakuna anayemfuatilia. Lakini habari yenyewe ya kuacha nyama aipeleke mumeo kwa mama yake kabla hamjafika. Ikitoka kinywani mwa mkwe inaweza kuchukuliwa kuwa maringo, ila ikitoka kwa mwanawe ni habari ya nyumbani.

Mama wa Wawili, Morogoro

Nawashukuru sana. Nimerudi baada ya wiki mbili ili nisiwajibu kwa maneno matupu.

Baba Neema, maneno yako nilimsomea mume wangu, na alinyamaza kwa muda kabla ya kusema kwamba uso wangu ameuona. Sikujua. Jumamosi iliyopita alichemsha nyama ya wiki nzima mwenyewe, akaweka chumvi mara mbili, na tumekubaliana kwamba siku hiyo jiko ni lake. Jumatano nilipika kiburu na akaongeza sahani ya pili bila kuuliza bakuli lake liko wapi. Mama mkwe ameshapigiwa simu. Aliuliza kama ninaumwa, kisha akauliza kama maziwa nakunywa, na aliposikia kwamba nakunywa akasema kwamba mtindi utakuwapo. Damu nimepima na ni 11.2, chini kidogo ya 12 inayotakiwa, kwa hiyo chai ya baada ya chakula nimeiacha na kliniki wamenipa vidonge vya chuma.

Mzee wa Suji, makande niliyojaribu yalibaki magumu hata baada ya saa tatu, na jirani ananiambia niweke magadi. Ninyi mnaweka?

Mzee wa Suji

Hatuweki, mwanangu, kwa sababu magadi yanalainisha haraka lakini yanaua vitamini na kubadili ladha. Tafuta mahindi yaliyokobolewa, yaloweke pamoja na maharage kuanzia jioni mpaka asubuhi, na chumvi usiitie mpaka yaive. Kisha nazi nzito mwishoni, mkaa ukiwa umepungua.