Mjadala: Uwanja wetu uzungushiwe ukuta na kiingilio, au ubaki wazi kama ulivyo?

Mtoto wa Gulioni (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Mji wetu ni mdogo, wanaoujua watautambua bila mimi kuutaja: stendi moja, soko moja, uwanja mmoja. Huo uwanja ndio umeanza kutugawa. Wiki iliyopita tulisomewa mpango kwenye mkutano wa mtaa: ujengwe ukuta, upande wa barabarani zikae fremu za maduka, ndani ziwekwe bembea, mitelezo, nyasi na taa, na mlangoni mtoto alipe 500, mkubwa 1,000.

Hapo ndipo tunaposwali Idd. Hapo ndipo zinapopigwa ndondo za kugombea mbuzi, wagombea wanapotuahidi maji, na nusu ya bodaboda wa mji huu walipojifunzia pikipiki. Jumamosi alfajiri wapo watu wa jogging. Halipi mtu. Hafagii mtu vilevile, nakiri.

Mimi napinga. Mzazi wa watoto wanne atoe 3,000 kila Jumapili ili wakapande bembea? Hiyo ni unga na mboga ya siku. Karibuni tukosoane.

Mama Pacha

Mdogo wangu, unapapenda hapo kwa sababu wewe ni mwanaume. Nina mabinti wawili wa miaka kumi. Ikishagonga saa kumi na mbili jioni, hata kukatisha uwanja ule siwaruhusu. Choo hakuna, taa hakuna, na chini ya ile miembe mnajua wanaokaa ni akina nani na wanavuta nini. Mnasema uko wazi. Wazi kwa nani? Kama ukuta ndio utakaoleta choo na taa, nitalipa hiyo 500 mara mbili kwa mwezi. Na hesabu za unga usinipigie, nazipiga mwenyewe kila asubuhi.

Wa Stendi

Wapinga maendeleo hamkosekani. Jengeni.

Kocha Mstaafu

Mama Pacha ana haki ya kulalamika, ila naomba nimkumbushe jambo. Upande wa miembe palikuwa na kiwanja cha netiboli. Magoli mawili ya bomba, tulichanga walimu wa shule za msingi. Wasichana walikuwa wanacheza mpaka giza linaingia, na wazazi wamekaa pembeni na maboga yao ya kuuza. Goli la kwanza likakatwa likaenda kwenye chuma chakavu. La pili mkitazama vizuri ni nguzo ya kibanda cha bodaboda hadi leo. Mabinti walipoondoka ndipo hao wa chini ya miembe walipohamia. Hawakumfukuza mtu, walikuta pametupwa.

Afisa michezo tunaye, na ni kijana mzuri. Muulizeni bajeti yake. Timu ya UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, ikishapata nauli, hana hata hela ya chokaa ya kuchora mistari. Desemba 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alizindua mazoezi ya kitaifa, ikawa kila Jumamosi ya pili ya mwezi watu watoke wafanye mazoezi. Hapa kwetu tulianza kwa mbwembwe, watumishi na fulana zao, mganga mkuu anakimbia na mkata majani. Nani anakumbuka tuliacha mwezi gani? Ukuta haukutuzuia, haukuwepo. Alikosekana mtu wa kuamka saa kumi na moja akapiga filimbi na akalipwa kwa kupiga hiyo filimbi. Jengeni ukuta bila mtu huyo, mtakuwa mmezungushia vumbi.

Mtu wa Unguja

Mnabishana kama kwamba njia ni mbili tu, tiketi au vumbi. Njooni Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa upya kwa fedha za Aga Khan, ikafunguliwa 2009, na kuingia ni bure mpaka leo. Vijana wanajirusha makachu baharini, wageni wanawapiga picha, na mzee wa Mkunazini anakaa na gazeti lake bila ya kuulizwa katoka wapi. Jioni meza za mishkaki na urojo zinapangwa, na huyo mwenye meza ndiye anayefaa kutoa hela, kwa sababu umati ule ndio mtaji wake. Ukiwazuia watu mlangoni, atamuuzia nani? Sisemi kwamba mambo yote mazuri. Bei za pale siku hizi ni za wageni, mwenyeji anakula kwa macho.

Mhasibu wa Zamani

Ndugu yangu wa Unguja, Forodhani ina watalii kila jioni. Sisi tuna gulio la Jumatano.

Nimekaa ofisi ya fedha ya halmashauri miaka mingi, hapa sipataji jina. Ruzuku inayotoka juu inakuja imeshapangiwa kazi, na kufyeka nyasi za uwanja si kazi mojawapo. Kinachobaki ni mapato ya ndani, na humo humo asilimia 10 ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zingine posho za vikao, zingine madeni. Kwa hiyo fremu naziunga mkono. Kodi ya fremu inajulikana, ina mkataba, inaweza kumlipa huyo mpiga filimbi wa Kocha. Kiingilio nakikataa. Nimeona mageti ya aina hiyo: makusanyo yanamlipa mkata tiketi, mlinzi na kitabu cha risiti, mwisho wa mwezi chenji.

Jirani wa Nairobi

Kwangu mimi hizo fremu ndizo za kuogopwa. Mwaka wa 1989 chama tawala kilitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akaandika barua kila ofisi aliyoweza kuifikia, akaenda kortini, kesi ikatupwa nje, wabunge wakamdhihaki. Jumba halikujengwa, wenye pesa wa nje waliogopa kelele wakajitoa. Watu husahau kwamba hata wakati ule hoja ilikuwa ni kipande kidogo tu cha bustani. Huanzia pembeni siku zote.

Ila niwe mkweli. Msitu wetu wa Karura tunalipa kuingia, na kuna ua wa stima. Kabla ya ua ule watu walikuwa wanaogopa kukanyaga humo, leo akina mama wanakimbia peke yao asubuhi. Kwa hivyo Mama Pacha hakosei. Lakini Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000, na mtu asiye na pesa ana mahali pengine pa kutembea. Ninyi uwanja ni huo mmoja.

Mama Pacha

Kaka wa Nairobi asante. Kocha, hilo la netiboli sikulijua, nilihamia baadaye. Bado sijashawishika. Kila mtu hapa anaongea habari ya historia na mapato, choo hakitajwi. Nipeni choo na taa mbili, ukuta muuache.

Mtoto wa Gulioni

Choo naafiki. Dada, hapo umenibana, nilipoandika mada sikukifikiria kabisa.

Mpimaji

Nimesoma yote. Kwenye ramani ya mipangomiji kiwanja kile kimechorwa kuwa eneo la wazi. Fremu ni biashara. Huwezi kutoka moja kwenda nyingine kwa kusoma karatasi mkutanoni. Kuna Sheria ya Mipangomiji ya 2007, kuna utaratibu wa kubadili matumizi ya ardhi: tangazo linawekwa, bango linasimamishwa pale pale kwenye eneo, na wananchi wanapewa siku za kuleta pingamizi kwa maandishi. Pingamizi la mdomo kijiweni halihesabiki. Kuna aliyeliona bango?

Wa Stendi

Hakuna bango. Napita pale kila siku.

Mama Pacha

Lipo. Nyuma ya kibanda cha mkaa, limeegemezwa kwenye ukuta wa ghala. Nililiona jana nikadhani ni la mtandao wa simu. Nimetuma mtoto akalisome sasa hivi: mwisho wa pingamizi ni Ijumaa.

Mtoto wa Gulioni

Ijumaa ipi?

Mama Pacha

Hii.