Mjadala: Hoteli za ufukwe wa Kisumu zilazimishwe kutenga asilimia 1 kwa sanaa ya hapa?

Mwanzisha mada (Milimani)

Hoja ni hii. Kuanzia maandalizi ya mkutano wa Africities wa Mei 2022, kila mwenye kiwanja karibu na ziwa anawaza hoteli. Nyingi ukiingia hakuna cha kukuambia uko Kisumu: vioo vya buluu, dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa, picha ya pundamilia iliyochapishwa kiwandani. Napendekeza kaunti isiidhinishe ramani ya hoteli mpya ya ufukweni mpaka mwenyewe aonyeshe ametenga asilimia 1 ya gharama ya ujenzi kwa wasanii na mafundi wa kanda hii: mawe ya sabuni ya Tabaka kule Kisii, mafunjo ya kinamasi cha Dunga, ufinyanzi, vitambaa. Philadelphia, Marekani, walianza kanuni ya namna hiyo mwaka 1959. Hoteli ya shilingi milioni 600 itatoa milioni 6. Ikiwa na vyumba 80, ni shilingi 75,000 kwa chumba. Kule Copenhagen, msanifu majengo Arne Jacobsen aliichora hoteli ya SAS Royal, iliyofunguliwa 1960, kuanzia jengo hadi uma na kijiko, na viti vyake vya Yai na Batamaji vilibuniwa kwa ajili ya hoteli hiyo. Sisi tunashindwa na nini?

Mkadiriaji majenzi (Kondele)

Mwenzangu, Philadelphia waliobanwa na ile kanuni ni wajenzi waliopata ardhi kutoka mamlaka ya umma. Kanuni kama hiyo ya Ufaransa, iliyoanza na shule mwaka 1951, inagusa majengo ya umma. Wewe unataka kumbana mtu binafsi kwenye kiwanja alichonunua. Si kitu kimoja.

Halafu ngoja nikuambie asilimia 1 huishia wapi. Kwenye makadirio huandikwa kama kifungu kimoja cha fedha, mbali kabisa, baada ya rangi na mapazia. Ujenzi unaanza, msingi unakuta udongo mweusi wa mfinyanzi na maji yaliyo juu, gharama inapanda. Kifungu cha kwanza kukatwa ni kipi? Kinachobaki kinanunua vinyago 80 vya twiga vinavyofanana, wiki moja kabla ya ufunguzi. Na mfano wako wa Copenhagen una mkia: vyumba vile karibu vyote vilikuja kubadilishwa, kilichohifadhiwa kama alivyokichora Jacobsen ni chumba 606 peke yake.

Tena hoteli ya Morgans ya New York, iliyofunguliwa 1984 na ikawa mama wa hoteli ndogo za ubunifu, ilijengwa kwa bajeti finyu. Mbunifu wake, Andrée Putman, alichukua vigae vya bei nafuu, vyeusi na vyeupe, akavipanga kama ubao wa drafti bafuni, na watu wakavisifia miaka nenda miaka rudi. Pale hakuna asilimia iliyofanya kazi. Ni jicho.

Msanifu majengo (Tom Mboya)

Nyote mnagombania mapambo. Ubunifu wa hoteli Kisumu unaanza na jua, na hapo ndipo nyingi zinapoanguka.

Mji uko karibu kabisa na ikweta na ziwa liko magharibi yake. Kwa hiyo mandhari inayouza chumba, machweo ziwani, ndiyo hiyo hiyo inayoleta moto ndani. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini ni rahisi: saa sita mchana jua halilali zaidi ya nyuzi 23.5 kutoka utosini, kwa hiyo dirisha la mita 1.5 linakingwa na ukingo wa sentimita 65 tu. Lakini magharibi, saa kumi na moja jioni, jua liko nyuzi 26 hivi juu ya upeo. Dirisha lile lile linataka ukingo wa mita 3. Mita 3 si ukingo tena, ni baraza. Basi ijengwe baraza yenyewe, mgeni akae pale na chai yake, na kioo kirudi ndani kivulini. Asiye na nafasi hiyo asimamishe mbao au matofali ya matundu mbele ya kioo, yageuzwe kidogo kuelekea kaskazini-magharibi au kusini-magharibi, ili mtu aone ziwa kwa mshazari bila jua kumpiga usoni. Upepo wa ziwani huingia mchana. Dirisha lisilofunguka, lililobandikwa filamu ya buluu, linaufungia nje halafu mnalipia kiyoyozi hadi saa tano usiku kwa sababu ukuta umeshakunywa joto.

Tena tusisahau 2020, ziwa lilipopanda na maji yakaingia kwenye hoteli na mikahawa ya ufukweni. Msanifu Geoffrey Bawa, kwenye hoteli ya Kandalama kule Sri Lanka iliyofunguliwa 1994, aliliinua jengo juu ya nguzo na mimea ikalifunika. Zege tupu, halina nakshi. Hakuna anayeliita baya.

Msukaji mafunjo (Dunga)

Msanifu amesema vizuri, lakini dari nazo zina elimu yake. Dari ya mafunjo huharibika kwa sababu tatu, na zote ni za haraka. Kwanza, mabua yamefungwa mabichi: yanasinyaa, mwezi wa pili unaona mabati kupitia nyufa. Yakauke kivulini wiki mbili, yakigeuzwa kila siku. Pili, hayakuwekwa dawa. Boraksi kilo 6 na asidi ya boriki kilo 4 kwa lita 100 za maji, mabua yalowe, yakaushwe tena. Inazuia wadudu na inapunguza kushika moto. Lakini dawa hiyo huoshwa na mvua, kwa hiyo haifai nje. Tatu, dari imegandamizwa kwenye zege. Acheni sentimita 5 hewa ipite, la sivyo ukungu unaanzia upande wa bafu. Na jikoni msiweke, hata mkilipwa.

Sasa hesabu: vyumba 80 vya mita 20 za mraba ni mita 1,600 za mafunjo, hoteli moja. Hoteli tano zikilazimishwa pamoja, mtayakata kabla hayajaota tena. Kinamasi kile kina ndege wake, yule wa kifua chekundu na utosi wa manjano, na hana pengine pa kwenda. Mkitaka wingi, tumieni gugu maji. Hilo hata likiisha hakuna atakayelia.

Mchonga mawe (Tabaka)

Sisi tusitumike kama kisingizio. Kutoka kwetu Elkana Ong'esa alichonga kazi iliyosimama makao makuu ya UNESCO, Paris, na bado mtu anakuja kununua kwa gunia.

Wanaoagiza masinki wasikie: jiwe letu ni laini, unalikwaruza kwa kucha. Sakafu ya mapokezi msithubutu, mchanga wa viatu utalila. Sinki linawezekana, ukuta wake usipungue sentimita 4. Kibao cha chini cha 60 kwa 40 kwa unene huo ni kilo 26 peke yake. Msilibandike kwa silikoni juu ya ubao wa kabati, liwekwe juu ya vyuma vilivyoingia ukutani. Nta iliyopakwa huisha kwa maji moto, jiwe linabaki na weupe kama limepauka. Mpakeni nta upya kila baada ya miezi michache. Na msasa wetu ni wa maji. Anayesugua kavu anakula vumbi.

Zamu ya usiku

Taa. Nyeupe kali nje ya baraza huita wadudu wa ziwani, asubuhi wanazolewa kwa koleo. Wekeni za manjano, ziangalie chini, na msiziweke juu ya mikeka iliyosukwa. Wakiingia kwenye nyuzi hawatoki.

Mtu wa Nakuru

Na sare? Kitenge kinachoitwa "cha hapa" mara nyingi kimechapishwa ng'ambo. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kiko Eldoret, pamba inafumwa kule. Kabla ya kuagiza sare 60, fueni tatu mara 20 kwa joto la dobi wenu. Kitambaa kisichofuliwa kwanza kitarudi, mikono itaishia kwenye viwiko.

Mwanzisha mada

Nimesikia. Naondoa asilimia. Nabadilisha: ramani inayoletwa kuidhinishwa ionyeshe kivuli cha madirisha ya magharibi saa kumi na moja jioni, na mahali kazi ya fundi itakaposhikizwa: vyuma, mzigo, nyaya, kabla ya zege kumwagwa.

Mkadiriaji majenzi

Hapo nakubali nusu. Kivuli kinapimika. Lakini kazi ya fundi, afisa wa mipango atapima nini, ladha yake? Mimi ningedai chumba kimoja cha mfano kijengwe kikamilifu, kilaliwe mvua za Machi hadi Mei, halafu ndipo vile 79 viagizwe.

Msukaji mafunjo

Na fundi alipwe chumba hicho cha kwanza kwa bei yake kamili, mkubwa, si "sampuli".