Tupeane uzoefu: trela ya kempu inapogoma ukiwa mbali na mji

Trela_Nakuru58

Wadau, hizi trela za kulala zimeanza kuwa nyingi huku kwetu, na kubwa ya shida zake ni kwamba hazina mwenyewe. Ukimpelekea fundi wa magari anakwambia hiyo ni kazi ya stima ya nyumba. Fundi wa stima ya nyumba anachungulia, anaona betri, anasema hiyo ni gari. Nyingi zimetoka Afrika Kusini au Uingereza zikiwa zimeshatumika, na kitabu chake kilipotea zamani.

Basi tuandike yaliyotufika. Sharti moja: sema dalili, ulipima nini, na kilichopatikana. "Nilipeleka kwa fundi akamaliza" haitusaidii.

Naanza na friji ya gesi, ile inayokubali gesi, stima ya nyumba na betri. Tulikuwa kempu ya Makalia, upande wa kusini wa Ziwa Nakuru. Mwali unawaka vizuri, lakini hadi asubuhi maziwa yameshaganda mtindi. Jirani akaniambia gesi ya ndani imekwisha, nitafute friji nyingine. Kabla ya kumsikiliza nikaweka pimamaji sakafuni, na kumbe trela imeinama upande mmoja. Friji ya aina hii haina kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya kupozea. Joto la mwali ndilo linalochemsha amonia na maji yaliyo ndani ya mabomba, na vitu hivyo hurudi chini kwa uzito wake tu. Trela ikiinama, mzunguko unakwama. Nikachimba chini ya gurudumu la juu, nikasawazisha, nikangoja. Usitegemee saa moja, aina hii huchukua nusu siku kupoa.

Na ile swichi ya betri ni ya wakati gari linatembea tu. Inakula ampea 10 hadi 15. Ukiiacha usiku, betri ya kawaida ya ampea-saa 100 haifiki alfajiri.

Omera_Dunga

Mzee, hapo kwa betri umenigusa. Yangu ni friji ya kompresa. Huku Kisumu joto la mchana halina huruma, kwa hiyo kompresa hupumzika kidogo sana. Ikawa inazima yenyewe, taa nyekundu inapepesa, kila mtu anasema betri imekufa. Nilishaulizia bei ya betri mpya, nikakaa chini kidogo.

Nikachukua mita ya kupimia volti. Kwenye betri: volti 12.4, si mbaya. Nikapeleka mita nyuma ya friji, nikamwambia kijana awashe. Kompresa inaponguruma tu, 10.9. Volti moja na nusu imepotelea njiani! Aliyefunga trela alitumia waya wa 1.5 (unene kwa milimita za mraba), ule wa taa za nyumba, na betri iko mbele kabisa, friji nyuma, mita nane. Waya mwembamba kwa stima ya volti 12 ni hasara tupu. Nikavuta waya wa 6.0 na fyuzi yake karibu na betri. Betri ni ile ile hadi leo.

Kwa wanaoanza: betri ya asidi ikiwa imejaa na imepumzika husoma 12.6 au 12.7. Ikifika 12.1 hivi, umeshatumia nusu, iache. Na usiipime ikiwa jua linaichaji, utadanganyika.

Lithiamu_Tu

Nunueni betri za lithiamu muache kuteseka.

Omera_Dunga

Lithiamu kwa waya wa 1.5 ingezima vile vile, omera.

Trela_Nakuru58

Tena lithiamu haitaki kufungwa moja kwa moja kwenye alternata, ile inayochaji betri gari likiwaka. Inavuta chaji kwa nguvu, alternata inaungua. Weka chaja ya katikati inayopunguza mvuto. Na mita haitakwambia ukweli, maana inakaa kwenye 13.2 hivi karibu muda wote, halafu inaanguka ghafla.

MamaHema_Kitale

Habari zenu. Mimi shida yangu ni maji, na nadhani wanaume hawaiandiki kwa sababu si wao wanaoosha vyombo.

Mlima Elgon, usiku, bomba zote zimefungwa. Pampu inanguruma mara moja, inanyamaza. Baada ya muda tena. Watoto wanaamka, wanauliza ni mnyama gani. Pampu hizi zina swichi ya presha: presha ikishuka inawaka, ikipanda inazima. Ikiwaka na hakuna aliyefungua bomba, maji yanatoka mahali. Nilipitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungio. Inalowa mahali mkono hauwezi kuhisi. Iliyovuja ilikuwa kola (kibanio) ya bomba la kuoga, nyuma ya ubao.

Kama viungio vyote ni vikavu, shuku vali ndani ya pampu yenyewe. Fungua kichujio chake kwanza, kile kikombe cha plastiki. Changu kilikuwa na mchanga wa mtoni.

Ikiwa pampu inazunguka bila kukoma na maji hayaji, angalia tangi, kisha kola ya upande wa kuvuta. Hapo haivuji maji, inavuta hewa, kwa hiyo huoni tone hata moja. Hilo limewatesa wengi.

Wa Nakuru, maji ya visima vya huko yana floraidi nyingi, na mengine yanaacha ukoko mweupe kwenye hita. Ya kunywa beba kando.

Dereva_Kericho

Chamgei. Taa. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa za breki nazo zinapepesa, na za pembeni zinafifia. Nilijua bila kupima: hasi. Stima ikikosa njia ya kurudi inapitia taa nyingine. Kwenye plagi ya pini saba waya mweupe, pini ya 3, ndio hasi. Ilikuwa na kutu ya kijani baada ya matope ya Kakamega, kule mvua ya alasiri haikosi. Msasa, mafuta ya mgando, kwisha.

Trela_Nakuru58

Hakuna aliyegusia hatari ya gesi, na mimi ndiyo inanitia wasiwasi kuliko yote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini. Ndiyo maana trela zina matundu sakafuni. Nimeona kwa macho yangu watu wameyaziba kwa matambara, kisa mbu na vumbi. Bandikeni wavu, msizibe. Baada ya barabara mbovu pakeni povu la sabuni kwenye kila kiungio cha bomba la gesi, povu likivimba fungeni mtungi. Mwali ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi, mara nyingi ni buibui ametanda ndani ya bomba la jiko, hasa trela ikiwa imekaa bila kutumika. Na jiko la makaa lisiingie ndani hata kwa baridi ya Timboroa. Moshi usioonekana unaua watu wamelala.

Mgeni_Mumias

Samahani, mimi ni mpya. Pampu ikiwaka, taa zote zinafifia na redio inazima. Betri nimenunua juzi.

Omera_Dunga

Pima kwenye nguzo za betri pampu ikiwa inafanya kazi. Kisha pima kwenye vichwa vya nyaya vilivyofungwa hapo hapo juu yake. Zisitofautiane.

Mgeni_Mumias

Nguzo 12.5. Kichwa cha hasi, 11.2. Nati inazunguka kwa vidole.

Omera_Dunga

Toa kwanza, sugua, ndipo ukaze. Ukikaza juu ya uchafu utarudi hapa wiki ijayo. Na chomoa sola kabla ya kugusa betri. Ukirudisha, betri inatangulia, sola inafuata.

Mgeni_Mumias

Imekubali. Redio haijazima. Sasa mniambie kuhusu breki, kuna moja inatoa joto.

Dereva_Kericho

Hiyo usiendeshe. Inua gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Likikwaruza, ni breki imebana. Likicheza cheza au kunguruma, ni beringi. Niambie umepata lipi.